Mtu wa Kwanza

Mwezi wa saba, Montevideo, baridi inauma masikio.
Napanda mtaa wa Grecia hadi pale kilima kinapoanza kujisahau,
kishikwambi kifuani kama mtoto wa kuazima.
Mlango wa kijani. Kengele ni mbovu tangu robo iliyopita.
Ofelia Bentancor anafungua, ananiuliza kabla sijamuuliza:
"Haya, leo tuko wangapi?"

Mwongozo unasema kaya ni wanaolala chini ya paa moja
na kula chungu kimoja.
Niliukariri siku tatu ukumbini, nimejifunika koti,
nikapata tisini na moja kwa mia.
Hakuna swali lililomtaja Wáshington.

Wáshington aliachana na Ofelia mbele ya hakimu, kwa muhuri,
akaondoka na sufuria mbili na redio.
Kodi ikamrudisha.
Sasa analala gereji, ana jiko lake la gesi,
anakaanga yai lake, anaosha kikaango chake.
Paa moja, vyungu viwili: nikaandika kaya mbili.
Ila Jumapili huingia na mkate kwapani,
hukaa kiti kilekile cha dirishani,
na Ofelia humpakulia wa kwanza, bila kumtazama.

Mashine haina Jumapili.

Mara ya kwanza niliandika mume.
Mara ya pili mpangaji, ingawa halipi.
Mara ya tatu, si mwanakaya.
Huko kwenye majedwali nyumba hii imevunjika, ikaungwa, ikavunjika,
na kiti hakijasogea hata shibiri.

Kisha Ramiro, mjukuu, miaka saba:
wiki hapa, wiki kwa baba yake kule Las Piedras.
Ahesabiwe alikolala siku nyingi zaidi mwezi uliopita.
Juni ina siku thelathini.
Kumi na tano, kumi na tano.
Nikampigia msimamizi, Heber, naye alikuwa anatafuna kitu:
"Chagua moja, dada, nusu mtoto haiingii."
Nikamgeukia mwenyewe. Wewe unakaa wapi?
Akafikiri, mguu mmoja juu ya mwingine.
"Mswaki wangu uko hapa," akasema. "Mbwa yuko kule."

Na Delmira. Alikuja mwaka ule wa barakoa,
kwa wiki mbili, na begi la mkono.
Uhusiano wake na mtu wa kwanza?
Kimya. Birika likaanza kuguna.
Ofelia akatazama kucha zake.
Delmira akasema, taratibu, kama anayenisomea tahajia:
"Andika, ndiye anayejua dawa zake za presha ziko wapi."
Orodha ina majibu kumi na matatu.
Nikayapitia yote, nikashuka, nikapanda tena.

Wakanipa mate.
Nasema majani yale machungu, si mate ya kinywani,
ingawa mrija ni mmoja na kibuyu ni kimoja,
na yote mawili hukutana humo.
Delmira akanywa, akajaza, akampa Ofelia,
Ofelia akamwita Wáshington kutoka gereji kwa kugonga ukuta,
Wáshington akanipa mimi, mrija bado una joto la midomo yao.
Kwa kipimo cha chungu kimoja
nilikuwa mwanakaya kwa muda wa birika zima.

Mimi nilipochaguliwa kwenye sampuli, mwaka juzi,
ilichukua dakika nne.
Mtu wa kwanza: mimi. Kuna mwingine? Hapana.
Mdadisi alinishukuru kwa kuwa mwepesi.

Kioo kikawa chekundu: jumla hailingani.
Nikabonyeza endelea. Kikawa chekundu tena.
Chini kabisa kuna kisanduku, maoni ya mdadisi,
herufi mia mbili, na hakuna anayekisoma.
Nikavua glavu.
Nikaanza na Jumapili, na kiti, na ukuta unaogongwa,
zikaniishia
kabla sijafika kwa mbwa.